Pima Shairi kwa Mdomo Kabla ya Kalamu

Mpe mwanafunzi wa kidato cha tatu shairi lenye beti tano, na chai yako haijapoa atakuwa ameshaandika: muundo ni tarbia, mtindo ni wa kimapokeo, mizani ni 16, vina vya kati na vya mwisho vipo, mshairi ametumia takriri, sitiari na tashibiha. Yote ni kweli, na bado hajasema kitu kuhusu shairi lile. Orodha hiyohiyo ingebandikwa kwenye shairi la mapenzi, la siasa au la msiba bila kubadilishwa hata nukta.

Mwongozo huu ni wako uliye Mkunya, Newala mjini, Kitangari au kule bondeni Masasi na Ndanda, uliye na diwani mkononi na mtihani mbele yako, au mwalimu unayetaka kuwatoa wanafunzi kwenye orodha, au mtu mzima uliyemaliza shule zamani na bado unapenda mashairi ya magazetini na redioni. Ninachodai ni hiki: vina na mizani ni ushahidi. Unavihesabu ili uone mahali ambapo umbo limembana mshairi, na mahali ambapo mshairi amelibana umbo. Palipo na mbano ndipo penye la kusema.

Tufanye kazi kwa mfano. Nimetunga beti tatu kwa ajili ya zoezi hili tu, zenye mambo ya kwetu:

Oktoba imefika, magunia uwanjani
Mizani inatingika, karani yuko kitini
Nami bei naitaka, haisemwi hadharani
Mkorosho haujibu, unatazama ghalani.

Salfa nilichukua, kwa deni nikapuliza
Mei hata Julaia, ubwiri kuupunguza
Mwanangu anirudia, ada yake auliza
Mkorosho haujibu, unatazama ghalani.

Usiku mtu agonga, mlango wa yangu nyumba
Noti nyekundu apunga, apima kwa kangomba
Nasita, moyo wavunga, ushauri nauomba
Mkorosho haujibu, unatazama ghalani.

Msomaji wa mbali na uwanda wetu wa Makonde atahitaji maelezo mafupi. Kwenye mfumo wa stakabadhi ghalani, mkulima hupeleka korosho zake chama cha msingi, zinapimwa, anaandikiwa, kisha anangoja mnada. Mzigo hutangulia, bei hufuata. Salfa ni ile dawa inayopulizwa mikorosho inapochanua ili ubwiri unga usiteketeze maua. Kangomba ni ule ununuzi wa pembeni usioruhusiwa, unaofanywa kwa kipimo kisicho rasmi, na mwenye shida ya leo ndiye anayeumia. Hayo yakishaeleweka, turudi kwenye kazi.

Anza kwa sauti

Weka kalamu chini. Lisome shairi kwa sauti mara mbili. Mara ya kwanza lisome kama unavyozungumza, ukifuata maana. Mara ya pili lisome ukigonga meza kwa kila silabi, bila kujali maana. Ukiweza kuliimba, liimbe. Sheikh Kaluta Amri Abedi, aliyetoa kitabu chake cha Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri mwaka 1954, alishikilia kwamba shairi sharti liimbike, na hata ukimkatalia mengine yote, hilo litakusaidia. Sikio linagundua mshororo uliopungua kabla jicho halijaanza kuhesabu.

Hapa sisi wa uwanda wa Makonde tuna jambo letu la kuangalia. Kimakonde huivuta silabi ya pili kutoka mwisho pale sentensi inapotua, na wengi wetu tunaingia na mvuto huo kwenye Kiswahili bila kujijua. Tunasema ghalani, na ile “la” inakaa kinywani kama silabi mbili. Mvuto huo ni wa lafudhi na hauongezi mizani. Ukigonga meza, gonga mara moja. Ukigonga mara mbili, kila mshororo utazidi, na utamshutumu mshairi kwa kosa ambalo liko kinywani mwako.

Kuhesabu mizani

Mizani ni idadi ya silabi katika mshororo. Silabi nyingi za Kiswahili huishia na irabu, kwa hiyo mwenye haraka huhesabu irabu na kumaliza. Njia hiyo itakufikisha karibu tu, maana kuna vituo vitatu ambako wengi hujikwaa.

Kituo cha kwanza ni “m” na “n” zinazosimama peke yake. Chukua majina ya mahali tunapoishi uyatumie kama mazoezi. Newala ni ne-wa-la, tatu. Mkunya ni m-ku-nya, tatu pia, ingawa irabu ni mbili tu, kwa sababu “m” ya mwanzo ina pigo lake. Mtwara ni m-twa-ra. Lakini Ndanda ni nda-nda, mbili, kwa kuwa “n” pale imeshikamana na “d” na haijitegemei. Tandahimba ni nne, Nanyamba ni tatu, Nachingwea ni na-chi-ngwe-a, nne. Kisha jaribu maneno mafupi: nchi ni mbili, mbu ni mbili, nne ni mbili, mbwa ni mbili, kwa sababu bila ile “m” au “n” neno lingebaki na silabi moja tu, na Kiswahili hakipendi jina la namna hiyo lisimame mguu mmoja. Mbuzi pia ni mbili, ila kwa njia nyingine: mbu-zi. Ukiweza kumweleza mwenzako kwa nini mbu na mbuzi zina idadi moja, umeshamaliza somo hili.

Kituo cha pili ni irabu zinazofuatana. Kila moja ina pigo lake: bei ni be-i, Mei ni me-i, mvua ni mvu-a, kuingia ni ku-i-ngi-a. Mshairi akitaka kupunguza pigo moja ataandika “kwingia”, na hapo ndipo unapopata jambo la kuandika kwenye daftari: kwa nini aliubana mshororo huu na si ule?

Kituo cha tatu ndicho kinachogombanisha watu. Maneno ya kutoka Kiarabu, Kiingereza na kwingineko huleta konsonanti isiyo na irabu katikati: Oktoba, salfa, daftari, labda. Je, Oktoba ni ok-to-ba au o-k-to-ba? Usiamue kwa kanuni uliyokariri, uliza mshororo wenyewe. Katika ubeti wa kwanza, kipande cha “Oktoba imefika” kinafikia 8 endapo tu “k” imepewa pigo lake. Vipande vya jirani vyote ni 8, na kwenye ubeti wa pili “Salfa nilichukua” nacho kinadai “l” ihesabiwe. Mara mbili mtungaji amefanya jambo lilelile, kwa hiyo huo ndio utaratibu wake. Kwa mshairi mwingine unaweza kukuta kinyume. Linaloangaliwa ni kama mshairi anafuata desturi yake mwenyewe tangu mwanzo hadi mwisho.

Sasa gawa mshororo. Mishororo mingi ya tarbia hukatwa vipande viwili, na kipande cha kwanza huitwa ukwapi, cha pili utao. Kwa kawaida koma inakuonyesha mpasuko, lakini usiiamini sana. Tazama mshororo wa tatu wa ubeti wa tatu: “Nasita, moyo wavunga, ushauri nauomba”. Koma ni mbili, mpasuko wa mizani ni mmoja tu, baada ya “wavunga”. Koma ya kwanza ni ya pumzi. Mtu anayesita lazima asimame mahali ambapo hakutarajiwa kusimama, na koma hiyo inakulazimisha nawe usite naye. Jambo dogo hilo, lakini tayari una sentensi moja ya uchambuzi ambayo haiwezi kubandikwa kwenye shairi lingine lolote.

Mizani ikipungua

Hesabu utao wa mshororo wa pili wa ubeti wa tatu: a-pi-ma-kwa-ka-ngo-mba. Ni 7. Vipande vingine vyote vya shairi ni 8.

Mwanafunzi aliyezoea orodha ataandika kwamba mshairi amekosa urari wa mizani, na atapewa alama yake. Wewe pitia ngazi tatu kabla ya kumhukumu mtu. Kwanza, rudia kuhesabu, ukikumbuka m na n. Pili, fikiria kosa la uchapaji, maana diwani zetu zimepita mikononi mwa wachapaji wengi, na herufi moja ikidondoka, pigo moja linaondoka. Kama una toleo lingine, linganisha. Tatu, kama hesabu ni sahihi na chapa ni safi, tazama neno lililopo pale mizani ilipopungua.

Hapa neno ni kangomba. Mtu anapima korosho za mwenzake kwa kipimo cha wizi, na kipande chenyewe kimepunjwa pigo moja. Ubeti wa kwanza ulikuwa na mizani ya chama cha msingi, iliyotingika mbele ya karani na watu wote, na hesabu yake ilikuwa kamili. Ubeti wa tatu unapima usiku, na hesabu haifiki. Msomaji anayeliimba shairi atahisi shimo pale hata kama hajui limetoka wapi. Ingekuwa rahisi kulijaza kwa kuandika “anapima kwa kangomba”. Ukiona mshairi ameacha njia rahisi namna hiyo, mshuku.

Lakini shuku taratibu. Si kila mzani uliopungua una siri. Shairi ambalo mizani yake inayumba kila ubeti, mara 15, mara 17, mara 16, limetungwa na mtu aliyechoka au asiyehesabu, na kumtafutia falsafa ni kumpa heshima asiyoiomba. Upungufu una maana pale unapokuwa mmoja au miwili ndani ya umbo lililonyooka, na unapoangukia kwenye neno lenye uzito.

Vina

Kina ni silabi ya mwisho ya kipande, silabi nzima. Kwa hiyo -za na -nza si kina kimoja, -ba na -mba si kina kimoja, na -la na -ra ni mbali kabisa, hata kama midomo ya baadhi yetu huzisogeza pamoja. Andika herufi pembeni ya kila kipande. Ubeti wa kwanza: ka/ni, ka/ni, ka/ni, bu/ni. Wa pili: a/za mara tatu, kisha bu/ni. Wa tatu: nga/mba mara tatu, kisha bu/ni.

Wengi huishia hapo na kuandika kwamba vina vimezingatiwa. Angalia tena mchoro huo. Kuna kina kimoja kisicho na mwenzake ndani ya ubeti wowote: -bu, kwenye “haujibu”. Vipande vyote vya ukwapi vinajibizana vitatu vitatu, isipokuwa kile kinachotaja kutojibu. Kina kimeita, na hakuna kina kilichoitikia. Hiyo ndiyo aina ya jambo unalotafuta unapoandika zile herufi pembeni.

Halafu pima ubora wa vina. Kina cha -ni ndicho rahisi kuliko vyote katika Kiswahili, kwa kuwa kila jina ukilipachika hali ya mahali linaishia huko: shambani, njiani, kitini, moyoni. Mshairi mvivu anaweza kwenda beti ishirini juu ya -ni bila kutoka jasho, na wapo waliokwenda. Ukikutana nacho, uliza kama kinafanya kazi. Katika ubeti wetu wa kwanza kinatupitisha uwanjani, kitini, hadharani, ghalani, yaani mahali baada ya mahali, na bei haipo hata pamoja. Hapo nakisamehe. Kina cha -mba ni kigumu zaidi, na ugumu wake unaonekana: ili kupata “nyumba” mwishoni, imebidi kupindua maneno na kusema “yangu nyumba”.

Majina ya bahari, yaani aina za mashairi kwa umbo lake, hayapaswi kukunyima usingizi. Yataje, kisha uyaeleze kwa maneno yako, maana walimu wa Kenya na wa Tanzania hawatumii majina yale yale wakati wote. Ubeti wenye mishororo miwili ni tathnia, mitatu tathlitha, minne tarbia, mitano takhmisa. Kwa vipande, shairi letu lenye viwili ni mathnawi. Lenye vitatu ni ukawafi. Kwa vina vinavyobadilika ubeti hadi ubeti, ni ukaraguni. Vingebaki vilevile vyote mwanzo hadi mwisho, ingekuwa mtiririko. Vingebadilika vya kati na kubaki vya mwisho, ingekuwa ukara. Mshororo unaorudiwa mwishoni mwa kila ubeti ni kibwagizo. Ungebadilika tungeuita kituo au kimalizio.

Utenzi una hesabu yake. Mshororo una mizani 8 kwa kawaida, haukatwi, mishororo ni minne, mitatu ya kwanza ina kina kimoja na wa nne hubeba kina kinachopita utenzi mzima. Kusini mwetu tuna wetu wa kusomea: utenzi wa vita vya Maji Maji wa Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi, juu ya vita vilivyofika mpaka Masasi mwaka 1905. Utenzi husonga mbele kama habari, na kile kina cha mshororo wa nne ndicho kinachokushika mkono usipotee. Si kila utungo wa zamani una mizani 8, hata hivyo. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir ina mizani 10 kwa mshororo, na mtu akikuambia ni utenzi wa kawaida, mwombe agonge meza.

Pale mshairi anapopinda lugha

Mshairi ana ruhusa ambazo mwandishi wa barua ya maombi ya kazi hana. Akifupisha neno ili mizani itimie, ni inkisari: “mekuja” kwa “nimekuja”. Akilirefusha ni mazida. Akibadilisha sauti ya mwisho ili kina kipatikane, mathalani “dunie” ili likae na “mie”, ni tabdila. Akipindua mpangilio wa maneno, ni kuboronga sarufi, jina ambalo silipendi kwa kuwa linamfanya mshairi aonekane mlevi, lakini ndilo lililozoeleka.

Katika beti zetu, “Julaia” ni mazida. Julai ina silabi tatu, mshororo ulidai nne na kina cha -a. Je, ni hila ya kupata hesabu tu? Labda. Lakini kwa mkulima anayepuliza salfa ya mkopo, Julai kweli hurefuka, na neno limerefushwa palepale anapohesabu miezi. Sikulazimishi kukubali. Nakuonyesha swali unalopaswa kujiuliza kila unapokuta ruhusa imetumika: imelipia nini zaidi ya mizani? “Yangu nyumba” ni kuboronga sarufi, na sioni kitu imenunua zaidi ya kina. Andika hivyo. Mchambuzi ana haki ya kusema kwamba mahali fulani mshairi ameshindwa na kina chake.

Onyo moja. “Anirudia”, “auliza”, “agonga”, “apunga” si inkisari. Huo ni wakati wa -a-, na una sarufi yake kamili; tumeuzoea kidogo tu kwa sababu -na- imeutawala usemi wa kila siku. Wanafunzi wengi humwandikia mshairi inkisari kumi ambazo hakuzifanya, kwa kuwa hawajawahi kumsikia babu akisema “mgeni aja”.

Tamathali: chagua inayofanya kazi

Sasa umeshajua maumbo, ingia kwenye tamathali za semi na mbinu nyingine. Zitafute zote, ziandike zote kwenye karatasi ya rafu, kisha futa nusu. Kwenye jibu lako zibaki zile ambazo ukiziondoa shairi linaanguka.

Jaribu kwa beti zetu. Kuna taswira ya noti nyekundu usiku, na utata wa “mizani inatingika”, ambapo chombo cha kupimia korosho kinagongana na mizani ya shairi lenyewe. Kuna takriri ya kibwagizo. Na kuna tashihisi: mkorosho hautoi jibu, unatazama. Ipi ni mhimili? Mimi nasema tashihisi, na takriri ndiyo inayoipa nguvu. Maneno ya kibwagizo hayabadiliki, ila kinachoulizwa kabla yake hubadilika. Kwanza mkulima anataka bei. Kisha mtoto anauliza ada. Mwisho mkulima mwenyewe anaomba ushauri kama auze kwa kangomba au angoje. Mti ule ule, ukimya ule ule, lakini mara ya tatu ukimya umekuwa mzito, kwa sababu sasa mtu anakaribia kutenda. Na macho ya mti yako ghalani siku zote, huko huko zilikokwenda korosho.

Usiseme tu kwamba takriri inasisitiza ujumbe. Sentensi hiyo imechakaa kuliko noti ya zamani ya mia tano. Sema kibwagizo kilikutwa na nini kila kiliporudi. Vivyo hivyo kwa tashibiha: taja vitu viwili vilivyofananishwa, sema vinakutana wapi, na muhimu zaidi, vinaachana wapi. Kwa sitiari, jiulize kwa nini mshairi hakutumia neno la kawaida. Kwa kejeli, onyesha nani anachekwa na nani anajua kwamba anachekwa.

Kuandika jibu

Mitihani yetu hugawa kazi katika fani na maudhui, na ugawaji huo una faida yake katika kupanga majibu. Hasara yake ni kwamba umbo hukaa ukurasa wa kwanza na maana ukurasa wa pili, zisijuane. Unaweza kutii mgawanyo na bado ukaviunganisha kwa kufuata utaratibu mmoja katika kila aya: taja unachokiona, onyesha kilipo, eleza kinafanya nini kwenye maana. Linganisha majibu haya mawili.

La kwanza: “Mshairi ametumia muundo wa tarbia. Mizani ni 16 isipokuwa mshororo mmoja. Pia ametumia tashihisi na takriri.”

La pili: “Shairi ni tarbia yenye mizani 16, 8 kwa 8. Utaratibu huo unavunjika mara moja tu, ubeti wa tatu mshororo wa pili, ambapo utao una mizani 7. Hapo ndipo mnunuzi anapopima kwa kangomba, na upungufu wa mizani unamfanya msomaji auhisi upunjaji kabla hajaelezwa.”

Jibu la pili halikutumia istilahi nyingi kuliko la kwanza. Limetumia namba kama ushahidi. Ukijizoesha hivi kwa Wasakatonge ya Mohammed Seif Khatib au Malenga Wapya, vitabu vilivyopita mikononi mwa wanafunzi wa sekondari miaka mingi, utakuta kwamba huhitaji kukariri uchambuzi wa mtu mwingine. Vile vijitabu vya majibu vinavyouzwa stendi visome baada ya kulichambua shairi mwenyewe, si kabla.

Mashairi yasiyo na vina

Utafika mahali ukutane na Kichomi ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1974, na meza yako haitakuwa na kitu cha kugonga. Miaka ile ya 1970 ugomvi ulikuwa mkubwa kati ya waliosema shairi bila vina na mizani si shairi na waliosema vina vimekuwa pingu. Kunga za Ushairi na Diwani Yetu ya Mugyabuso Mulokozi na Kulikoyela Kahigi, ya mwaka 1979, ilitetea kwamba ushairi ni mpana kuliko vina. Hulazimiki kuchukua upande ili upate alama, ingawa mimi nadhani ugomvi ule ulitunufaisha sote.

Kwa shairi huru, kuandika “halina vina wala mizani” ni kuanza tu. Tazama mstari unakatwa wapi. Kama mstari mmoja una neno moja, kwa nini limeachwa peke yake? Je, kuna sauti zinazorudi katikati ya mistari? Je, kuna muundo wa sentensi unaorudiwa? Hivyo ndivyo shairi huru linavyojishikilia, na kazi yako ni ile ile: tafuta mahali umbo linapopinda, kisha uliza kwa nini hapo.

Na nyimbo za ngoma? Ukitaka kuchambua wimbo wa sindimba, au ule unaoimbwa na kina mama wakibangua korosho, usiulazimishe uwe tarbia. Wimbo wa namna hii hupimwa kwa ngoma na kwa pumzi ya waitikiaji. Andika sauti ya kiongozi upande mmoja na kiitikio upande mwingine, na weka alama pale ngoma inapoingia. Utaona kiongozi anaweza kubadilisha idadi ya silabi kila mara, huku kiitikio kikibaki kilekile, na wanaopiga ngoma ndio wanaozuia kisimwagike. Kama maneno ni ya Kimakonde, Kimakua au Kiyao, yaandike kwa lugha yake kwanza, ule mvuto wa silabi ya pili kutoka mwisho uuonyeshe kwa kurudia irabu, kwa kuwa huko unaweza kuwa sehemu ya mapigo, kisha weka tafsiri ya Kiswahili chini yake. Mwombe mwimbaji ruhusa kabla hujaandika. Nyimbo za jandoni na unyagoni nyingine hazitoki nje ya shughuli, na mwenye nazo akikwambia huo usiuandike, funga daftari uombe mwingine.